Sauti iliandikwa kabla ya kusikilizwa

Kila siku tunatumiana voisinoti kwenye WhatsApp, na ile mistari midogo midogo inayopanda na kushuka kando ya alama ya kupleyi karibu kila mtu anaiona ni mapambo tu. Mimi nashinda studio hapa Katwe, Kampala, kazi yangu kurekodi kwaya na watu wa kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa gitaa na masimulizi, na nakwambia ile mistari ndiyo mambo yenyewe. Rekodi za kwanza kabisa duniani zilikuwa mistari, basi. Hazikuwa za kusikiliza.

Aliyezitengeneza ni Mfaransa, Édouard-Léon Scott de Martinville, mtu wa mambo ya uchapaji Paris, yaani amezoea vitabu na maandishi, siyo muziki. Akili yake ilimwambia hivi: kama picha ya kamera inajichora bila mchoraji, kwa nini sauti nayo isijiandike bila karani? Mwaka 1857 akapata hataza ya mashine yake, fonautografu. Unaongea kwenye kitu cha duara kilicho wazi upande mmoja, upande wa pili kuna utando mwembamba, kwenye utando kumebandikwa unywele mgumu wa nguruwe, na huo unywele unakwaruza karatasi iliyofukizwa masizi ya taa huku mtu anaizungusha kwa mkono. Masizi bwana! Ukimaliza unabaki na mstari mweupe unaotetemeka juu ya weusi, na kuusikiliza haiwezekani, wala yeye hakuwa na hiyo shida, alitaka tujifunze kuusoma kwa macho kama barua. Edison alipoleta fonografu yake mwaka 1877, ile ya karatasi ya bati inayoirudisha sauti, watu walishangilia lakini Scott alikasirika, akaandika kwamba kazi ilikuwa kuiandika sauti, siyo kuirudia. Akafa 1879.

Wengi wakisoma habari zake wanamwona kama mtu aliyekaribia mlango akashindwa kuufungua. Mimi namwona alikuwa sawa. Studio nasoma sauti kwa macho kutwa nzima, "p" inatokea ghafla kama mchomo, "s" ni donge zito lenye manyoya, mtu akivuta pumzi kabla ya beti unaona kijivimbe kidogo, na kikohozi cha mama wa safu ya nyuma nakikata hata hedifoni sijavaa.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua karatasi moja ya Scott ya tarehe 9 Aprili 1860, wakaipiga picha kali, wakaipitisha kwenye kompyuta, ikaimba! Kipande cha wimbo wa watoto wa Kifaransa, sekunde chache tu. Ikatangazwa dunia nzima kwamba ni sauti ya binti. Lakini ngoja. Kwa vile karatasi ilizungushwa kwa mkono, mara haraka mara polepole, Scott alikuwa ameweka pembeni uma wa kupima sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika, nao ujichore mstari wake, uwe kipimo. Watafiti wakausoma ule uma kama mitikisiko 500 kwa sekunde, kumbe Wafaransa wa wakati ule walikuwa wanahesabu kwenda kivyake na kurudi kivyake, kwa hiyo kwa hesabu ya leo ni 250. Mwaka 2009 wakapunguza spidi nusu, na yule binti akageuka mwanaume mzima anaimba taratibu, labda Scott mwenyewe. Sauti iko palepale kwenye karatasi, haijabadilika hata nukta, ila bila kujua kanuni ya aliyeandika unaisikia vibaya.

Hiyo ndiyo inanirudisha nyumbani, kwa sababu sisi hapa Uganda tuna shida ya namna hiyo na wala si ya masizi.

Kwaya nyingi zinazokuja kwetu hazisomi noti za mistari mitano, zinasoma solfa, d r m f s l t na nukta na koloni za kugawa muda. Sarah Glover ndiye aliyeianza kule Uingereza, John Curwen akaichukua akaisambaza karne ya 19, wamisionari wakaja nayo huku. Ilienea kwa sababu haitaki karatasi maalum, unaandika ubaoni kwa chaki, unapiga kwa taipureta, leo mwalimu wa kwaya anaituma hata kwa SMS. Mimi naipenda sana. Ila ukiipeleka kwenye amadinda, marimba yetu ya mbao, inakwama, maana muziki wa ikulu ya Buganda una sauti tano zilizopishana nafasi karibu sawasawa, kwa hiyo ukiandika d r m s l msomaji ataimba kitu kingine kabisa na atajiona amepatia.

Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyejifunza amadinda kwa mzee Evaristo Muyinda karibu 1960, aliona afadhali aandike namba, 1 mpaka 5, na vinukta vya kuonyesha juu na chini. Amadinda ina mbao 12 juu ya migomba, wapigaji wawili wanakaa kutazamana, mmoja anaanza na mwingine anaingiza zake katikati ya zile za mwenzake, moja kwa moja, kwa kasi ambayo hata mimi na kompyuta yangu naomba poo. Zikichanganyika, sikio linajitengea nyimbo ambazo hakuna kati yao anayezipiga. Kuna mpigaji wa tatu, yeye kazi yake ni kuuokota mmoja wa hizo midundo iliyojificha na kuugonga kwenye mbao mbili za juu kabisa. Sasa chukua rekodi safi ya hiyo kitu umpe kijana ajifundishe peke yake. Atafukuza wimbo ambao mkono wa mtu haujawahi kuupiga.

Ndiyo maana habari ya entenga inaniuma. Ngoma 15 za ikulu, 12 zimetuniwa zinapiga wimbo, watu sita. Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alizirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950, Klaus Wachsmann wa Uganda Museum naye alirekodi muziki mwingi miaka hiyohiyo, na nakala za kazi zake zimerudi Makerere. Halafu 1966 jeshi likaishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, wapigaji wakatawanyika. Rekodi zilibaki nzima. Lakini vijana walipokuja kufufua entenga miaka ya karibuni ilibidi apatikane mzee aliyeipiga ikulu enzi hizo, akae nao, awaonyeshe mkono gani unagusa ngoma ipi.

Kwa hiyo ninyi mlio Busoga mnaorekodi embaire, marimba yenu, kwa simu na kupakia TikTok, tafadhali, simu ishikeni juu ielekee mikono ya wapigaji. Sura za wanaocheza tutaziona siku nyingine. Na kama kuna mwenye daftari la namba au solfa la mjomba au babu aliyekuwa anapiga, hata limeliwa na mchwa, nitumie picha.