Nilivyoacha kushindana na usingizi tukirudi kutoka kambini

Usiku wa tatu ndani ya hema sikulala vizuri. Godoro la upepo lilikuwa linavuja, mtoto mdogo akawa ananipiga mateke ya mbavu, na alfajiri mvua ikaanza. Kulipokucha watoto wakaomba kwenda mtoni mara ya mwisho, tukawaruhusu. Tukaja kung'oa hema saa sita, na hadi buti inafungwa ilikuwa saa nane mchana. Mbele yetu zilikuwepo kilomita mia nne na ushei.

Mimi ndiye niliyeshika usukani. Nilijiona mzima kabisa, tena nilikuwa na furaha.

Baada ya saa moja na nusu hivi nyuma kukawa kimya. Wote watatu wamelala, jua linapiga kwenye kioo, barabara imenyooka. Nikaanza kupiga miayo. Nikashusha kioo, nikaongeza sauti ya redio, nikatafuna karanga. Kila kimoja kilinisaidia kwa dakika chache, kisha kope zikawa nzito zaidi ya mwanzo. Nakumbuka kuona bango la kona mbele yetu. Kulipita sikumbuki. Kilichonizindua ni mngurumo wa kokoto chini ya tairi na mkono wa mke wangu ukivuta usukani.

"Baba Asha! Simamisha gari. Simamisha sasa hivi."

Nilisimamisha pembeni, mikono inatetemeka. Nilitazama nyuma. Mdogo alikuwa bado amelala, mdomo wazi, na kijiti alichookota mtoni kiko mkononi.

Baadaye nilipiga hesabu. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, linakata karibu mita 28 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne tu, umeshakwenda zaidi ya mita 110 bila dereva, na huo ni urefu unaozidi uwanja wa mpira. Sijui nilisinzia sekunde ngapi.

Siku ile tulisogea polepole hadi sehemu salama ya kuegesha. Nilikunywa kikombe cha kahawa, nikalaza kiti papo hapo na kulala dakika 20. Mpangilio huo una maana yake: kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo unaamka inapoanza kukuchangamsha. Ukilala muda mrefu zaidi waweza kuamka mzito, kichwa kimejaa ukungu. Hata hivyo sikurudi kwenye usukani. Mke wangu alikuwa amelala vizuri kuliko mimi, akaendesha yeye hadi nyumbani.

Tangu hapo tumebadili mambo, na badiliko kubwa liko kwenye siku ya mwisho kambini, kabla hata gari halijawashwa. Zamani nilikuwa natafuta ufumbuzi barabarani, kumbe dereva anachoka kuanzia usiku wa kuamkia safari. Sasa jioni ya mwisho tunapakia kila kitu tusichohitaji kulalia. Vizito vinakaa chini, vimesukumwa hadi kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, ili gari lisiyumbe na mzigo usituangukie breki zikipigwa ghafla. Upepo wa tairi napima mapema, tairi zikiwa bado baridi, na kwa kuwa gari limejaa nafuata kipimo cha mzigo mzito kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango. Jiko la mkaa haliingii ndani ya gari hata kama majivu yanaonekana yamezimika, kwa sababu kaa moja lililojificha linaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hilo sina mjadala nalo.

Na usiku huo atakayeendesha kwanza analala peke yake upande mmoja wa hema. Watoto wanakwenda kwa mwenzake. Walinung'unika mwanzoni, siku hizi wanapanga wenyewe nani atalala wapi.

Asubuhi tunaondoka mapema, ili ile saa nane mchana, ambapo mwili wenyewe hutaka kusinzia, isitukute mbali na nyumbani. Kila baada ya saa mbili tunasimama robo saa na kubadilishana usukani, hata kama hakuna anayelalamika. Wa kati huwa anasumbuliwa na kichefuchefu, kwa hiyo hasomi wala hashiki simu garini. Tunamketisha katikati ambako anaiona barabara ya mbele, maana macho yakiona mwendo ule ule ambao mwili unauhisi, tumbo hutulia. Kwake vituo hivyo vimekuwa dawa kuliko vidonge.

Mara ya mwisho hema lilikuwa limelowa umande, tukalikunja vivyo hivyo na kulitia kwenye mfuko wa plastiki juu ya mizigo yote, litoke la kwanza. Hema likikaa mbichi siku mbili linaota ukungu. Tulifika saa tisa na nusu. Nilipokuwa nalitandaza kwenye kamba jua lilikuwa bado kali, maji yanadondoka kwenye pindo, na Asha amekaa kizingitini anakung'uta mchanga kwenye viatu vya wadogo zake, kimoja kimoja.