Kamisheni ya broka na pesa ya kofia

Shoga yangu wa Langoni kanitumia sauti kwenye WhatsApp. Ataka kununua hisa za Safaricom, na kasikia kuna broka, yaani dalali wa kukununulia hisa, wa bure, nimtajie jina. Wa bure hayupo. Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, maana si yeye peke yake aniulizaye.

Kwanza ujue pesa yaenda wapi. Ukinunua kwenye Soko la Hisa la Nairobi, kila elfu kumi hukatwa mia mbili na kidogo. Fungu kubwa ni kamisheni ya broka. Vijisenti vinavyobaki ni vya soko lenyewe, vya CMA wanaolisimamia, vya CDSC wanaotunza hisa zako, na vya mfuko wa fidia. Hivi vijisenti huvikwepi, uende kwa broka yupi. Kwa hivyo bei ya kulinganisha ni ile kamisheni tu. Na siku ya kuuza utakatwa tena, yaani hisa ipande kama asilimia 4 ndipo uanze kuhesabu faida.

Lakini sisi wa pesa ndogo asilimia si adui yetu mkubwa. Adui ni kima cha chini. Mie nashona kofia. Pesa huingia kofia ikiuzwa, kisha kimya mpaka nyingine iishe. Hata ile ya kujiwekea huwa elfu mbili, elfu tatu. Sasa tuseme broka wako hachukui chini ya shilingi 100 kwa kila ununuzi. Ukinunua za 2,000, ile mia ni asilimia 5! Ukingoja zifike 6,000, ni mia hiyo hiyo au inazidi kidogo tu, na umerudi kwenye asilimia ya kawaida. Zamani ilibidi ununue hisa 100 kwa uchache. Tangu Agosti 2025 waweza kununua hata moja. Watu wameshangilia, na ni jambo jema, ila kununua mojamoja kila wiki kwa broka mwenye kima cha chini ni kumlisha broka. Pesa yangu hukaa kwanza kwenye simu hadi itimie, ndipo naituma kwa mara moja, maana hata kutuma kuna ada yake.

Basi kabla ya kusaini chochote, muulize: kima chako cha chini ni kiasi gani? Akaunti ikilala bila kununua wala kuuza, wakata kitu? Kutoa pesa yangu ni bei gani? Kijana mmoja wa ofisi fulani nilipomuuliza hilo la pili alianza, "Mama, sisi huduma yetu ni ya kipekee..." Nikamuaga.

Wa bei nafuu awe pia na leseni ya CMA. Orodha iko kwenye tovuti yao, itazame mwenyewe. Hisa zako zimeandikwa kwa jina lako huko CDSC, lakini pesa taslimu uliyoiacha kwa broka iko kwa broka. Mie siiachi.

Kuna wanaoniambia ninunue bondi za serikali, yaani niikopeshe serikali inilipe riba, moja kwa moja Benki Kuu kupitia DhowCSD, mtandao wao wa kununulia, huko hakuna broka kabisa. Kweli hakuna. Ila ni riba, na mie riba siigusi, kama nisivyogusa hisa za benki wala za pombe. Anayeona vingine, kaburi lake na langu mbalimbali.

Gawio nalo, ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa, hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijakufikia, hilo halina mjadala.

Shoga, tayarisha kitambulisho, PIN ya KRA, picha na nambari ya akaunti ya benki. Mabroka wengi hufungua akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa zako huko CDSC, kwa simu. Yule anayekwambia umpe pesa ya nauli akakufungulie Mombasa, mwambie tanga lishushwe, safari hakuna.