Mazoezi ya shingo iliyochakaa: ninavyoyafanya na ninavyoyapima

Picha ya eksirei ya shingo yangu inaonyesha yale yanayoonekana kwa watu wengi waliovuka miaka 50: diski iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita imepungua kimo, na kingo za mifupa zimeota miiba midogo. Hakuna zoezi linalorudisha kimo cha diski wala linalofuta miiba hiyo. Mazoezi hugusa mambo mengine matatu: nguvu ya misuli inayobeba kichwa, mwendo wa viungio vya jirani, na jinsi neva iliyobanwa inavyochokozeka. Wapo wengi wenye picha mbaya kuliko yangu ambao hawaumwi kabisa, kwa hiyo nimeshughulika na hayo matatu na picha nimeiacha kwenye bahasha yake.

Shingo ina pingili 7. Karibu nusu ya mgeuko wa kulia na kushoto hutokea kati ya pingili ya kwanza na ya pili, ambako hakuna diski. Pingili za chini, hasa ya tano hadi ya saba, ndizo zinazopokea kazi ya kuinama na kuinuka, na ndiko uchakavu unakopenda kuanzia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kidevu kikitangulia mbele kwa saa nyingi, sehemu ya chini ya shingo huinama na ya juu hupinda kwenda nyuma. Misuli ya kisogo hufanya kazi bila kupumzika, na ile midogo ya ndani, iliyolala mbele ya pingili nyuma ya koo, hudhoofika. Hii ya ndani ndiyo naanza nayo.

Lakini kuna dalili ambazo daktari anapaswa kuziona kabla ya zoezi lolote. Vidole kushindwa kufunga vifungo vya nguo, mwendo wa kuyumba, miguu kuwa mizito, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, mshtuko wa umeme unaoshuka mgongoni unapoinamisha kichwa: hayo yote yanaashiria kwamba ugwe wa mgongo wenyewe unabanwa, si neva moja tu. Vilevile mkono unaozidi kupoteza nguvu, maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, homa au kukonda bila sababu, maumivu ya usiku yasiyopata nafuu kwa mkao wowote, au historia ya saratani. Mwenye baridi yabisi ya muda mrefu asianze bila kuchunguzwa, maana ugonjwa huo unaweza kulegeza nyuzi zinazofunga pingili mbili za juu. Kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito au kizunguzungu kikali cha ghafla, hospitali siku hiyohiyo.

Sasa zoezi lenyewe, ambalo wengi hulidharau kwa sababu halionekani kuwa zoezi. Nalala chali, magoti nimeyakunja, chini ya kisogo pana taulo iliyokunjwa unene wa sentimita 2 au 3. Unene huo si wa kukariri; kipimo ni kwamba paji la uso na kidevu viwe usawa mmoja, kidevu kisielekee juu. Natazama chini kwa macho kwanza, kisha naitikia kidogo sana, kama sentimita moja ya kidevu kushuka kuelekea koo. Kisogo kinateleza juu ya taulo kuelekea upande wa utosi, hakinyanyuki wala hakigandamizi. Nashikilia hapo sekunde 10 huku napumua kawaida, nalegeza, kisha narudia hadi mara 10. Anayeanza na kushindwa sekunde 10 ashikilie 3 au 5.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni nguvu kuzidi. Weka vidole viwili kwenye pande za mbele za shingo, juu ya ile misuli minene inayotoka nyuma ya sikio kwenda kwenye mtulinga. Ikikaza na kusimama mapema, ujue misuli ya nje imepora kazi ya ile ya ndani, na unaimarisha usichokihitaji. Punguza mwendo nusu. Ncha ya ulimi ikae kwenye kaakaa, midomo ifungwe, meno yasigusane, kwa kuwa taya likikaza misuli ya mbele ya shingo nayo hukaza. Kuzuia pumzi ni dalili nyingine kwamba umevuka uwezo wako.

Anayetaka kipimo cha uhakika atumie mfuko wa mashine ya presha yenye saa ya mshale. Mashine ya kidijitali haifai hapa, kwa sababu haionyeshi shinikizo linavyobadilika wakati huohuo. Kunja mfuko mara tatu, uuweke kwenye uwazi ulio chini ya shingo, si chini ya kichwa, na uujaze hewa hadi mshale usome 20. Itikia hadi ufike 22, shikilia sekunde 10. Ukifanya mara 10 bila mshale kutetemeka wala kushuka, nenda 24, kisha 26, 28, hadi 30. Hatua hizi za mbilimbili zinatokana na kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia Gwendolen Jull na wenzake wa Australia. Mshale ukiruka ghafla hadi 35, umegandamiza kwa kichwa, hukuitikia.

Hatua ya pili ni kukaza shingo bila kuisogeza. Naketi wima, kiganja kwenye paji la uso, nasukuma kwa kichwa na mkono unazuia. Kisha pembeni juu ya sikio, kila upande. Kisha kisogoni kwa viganja viwili. Naanza na robo tu ya nguvu niliyo nayo, sekunde 5 hadi 10, mara 5 kila upande. Nguvu ipande kwa sekunde moja au mbili na ishuke vivyo hivyo, maana kuanza kwa kishindo ndiko kunakoamsha mkazo wa misuli unaokaa siku nzima. Kiganja kisiwekwe kidevuni, kisije kikaumiza kiungio cha taya. Mwenye presha ya juu ahesabu kwa sauti anapokaza, asije akabana pumzi.

Bega nalo lina sehemu yake, na pengine kubwa kuliko watu wanavyodhani. Misuli inayoinua kombe la bega imefungwa juu kwenye shingo, kwa hiyo kombe linaloning'inia linavuta pingili kutwa nzima. Napiga makasia kwa mkanda wa mpira uliofungwa kwenye kitasa cha mlango uliofungika vizuri: viwiko vinapita kando ya mbavu, seti 2 au 3 za mara 10 hadi 15. Kisha naegemeza mikono ukutani kuanzia kiwiko hadi kiganja na kuiteleza juu taratibu, bila mabega kupanda kufuata masikio. Agizo la kurudisha mabega nyuma na kuyabana kama askari kwenye gwaride silipendi. Linachosha misuli ileile iliyokwisha kuchoka.

Mgongo wa juu ukiwa mgumu, shingo hulipa deni lake. Taulo iliyoviringishwa nailaza kukatisha mgongo usawa wa makombe ya mabega, nashika kichwa kwa mikono miwili, napinda nyuma juu ya taulo mara 8 hadi 10. Mikono inabeba kichwa chote. Shingo yenyewe haianguki nyuma.

Kunyoosha misuli nimekupa nafasi ndogo. Sekunde 30 mara mbili kila upande, uso ukielekea kwapa na mkono ukiongoza kichwa kwa uzito wake tu, kunatosha kulegeza. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa 2003, wanawake 180 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu ya shingo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na waliofanya mazoezi ya nguvu au ya ustahimilivu walipata nafuu kubwa kuliko walioambiwa wanyooshe misuli na kufanya mazoezi ya kutoa jasho.

Kuzungusha kichwa duara nimekuacha kabisa. Kichwa kinapopinda nyuma na kugeuka upande kwa pamoja, tundu linalopitisha neva hupungua, na kwenye shingo yenye miiba ya mfupa tundu hilo tayari ni finyu. Madaktari hutumia mkao huohuo kuchokoza neva ili waijue iliyobanwa. Kugeuza kichwa kulia na kushoto nikiwa nimelala, kikiwa kinabebwa na mto, mara 10, kunanipa mwendo uleule bila hasara hiyo.

Maumivu yanaposhuka mkononi, kanuni hubadilika. Ganzi ya kidole gumba kwa kawaida huelekeza kwenye neva ya sita, kidole cha kati kwenye ya saba, kidole cha mwisho kwenye ya nane (pingili za shingo ni 7, lakini neva zake huhesabiwa hadi 8). Mipaka hiyo huingiliana, lakini inasaidia kufuatilia. Ninachotazama ni njia ambayo maumivu yanakwenda. Kipimo hiki kilifundishwa sana na Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand: yakitoka mkononi na kurudi shingoni, hata kama shingo inauma zaidi kwa muda, zoezi linafaa; yakishuka kwenda vidoleni, liache. Nakijaribu kwa kuketi wima na kurudisha kidevu nyuma, macho yakibaki usawa wa mbele, mara 10, kisha nasikiliza mkono unasema nini.

Kwa neva iliyokakamaa nanyoosha mkono pembeni usawa wa bega au chini kidogo. Kiwiko kinaponyooka na kiganja kupinda nyuma, kichwa kinainamia upande wa mkono huohuo. Kiwiko kinapokunjwa, kichwa kinakwenda upande wa pili. Neva inavutwa ncha moja huku nyingine ikilegezwa, hivyo inateleza bila kukazwa. Mara 10 polepole, na kamwe usigande mwishoni. Usiku maumivu yakizidi, kiganja juu ya utosi huipunguzia neva mvuto. Dakika chache za mkao huo mara nyingi hufaa kuliko zoezi lolote.

Kipimo cha dozi: maumivu wakati wa zoezi yasipite 3 kwenye ngazi ya 0 hadi 10, na yawe yamerudi kiwango chake cha kawaida kufikia kesho yake. Yakipita, nakata idadi na sekunde nusu, siachi kila kitu. Kuitikia nafanya mara mbili kwa siku kwa wiki 6 za mwanzo. Mazoezi ya nguvu siku 3 kwa wiki, yakipishana na mapumziko. Kitambaa cha joto dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza hulegeza, ila hakipunguzi uhitaji wa zoezi. Kola laini ya shingo ni ya siku chache za maumivu makali. Ikivaliwa kwa wiki nyingi inafanya kazi ya misuli na misuli inaisahau.

Mto uwe na kimo cha kujaza pengo kati ya sikio na bega ukilala ubavu, na mwembamba zaidi ukilala chali. Kulala kifudifudi kunaacha kichwa kimegeuka saa nyingi, hakuna mto unaolitatua hilo.

Baada ya wiki 6 hadi 12, kukaza dhidi ya kiganja kunakuwa kwepesi mno. Hapo nazungusha mkanda wa mpira kichwani usawa wa paji la uso, nimeufunga mahali imara nyuma yangu, naketi wima na kuegemea mbele kutoka nyongani, shingo ikibaki imenyooka: seti 1 ya mara 15 mbele, kisha nageuza kiti kwa ajili ya pande na nyuma. Mkanda mwepesi kwanza. Kidevu kikianza kutangulia kabla ya mara 15 kuisha, mkanda huo bado ni mgumu.