Kupika pilau bila kunusa

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga: harusi, hitima, maulidi. Nilipoanguka na bodaboda niliangukia uso, mfupa wa pua ukavunjika. Ulinyooshwa, uvimbe ukashuka, na nyumbani kila mtu akasema alhamdulillahi, yamekwisha. Mimi ndiye niliyegundua kuwa hayajaisha, siku niliyorudi jikoni nikakaanga thomu na binzari nisisikie kitu.

Daktari wa pua, masikio na koo alinieleza vizuri. Juu kabisa ya pua, kwenye mpaka wake na ubongo, kuna mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, na nyuzi za mshipa wa kunusa hupita humo. Uso ukigonga lami kwa kishindo, ubongo husogea ndani ya fuvu na nyuzi zile zinaweza kukatika. Aliniuliza pia kama kuna majimaji yasiyo na rangi yanayochuruzika puani nikiinama, kwa kuwa hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo, na mtu akiyaona asingoje kukuche. Kwangu hayakuwepo. Kuhusu harufu hakunificha: wengine hurudiwa, wengine hawarudiwi, na hana kidonge cha kunipa.

Ulimi wangu ulikuwa mzima. Chumvi, sukari, ukali wa ndimu, vyote nilivisikia. Pilipili iliwasha na kitunguu kilinitoa machozi vilevile, maana muwasho una mshipa wake. Lakini chai ya mdalasini na chai kavu zilikuwa kitu kimoja, na mchuzi wa kuku na wa samaki niliutofautisha kwa meno.

Sasa kazi nifanyeje? Miaka yote sikuwa napima. Mkono unatupia viungo, pua inasema basi. Nikamwita wifi yangu, mwenye ulimi mkali kwa kila maana, tukapika pilau ya kilo moja, kisha nyingine, yeye akionja, mimi nikiandika daftarini: binzari nyembamba vijiko vingapi, karafuu punje ngapi, iliki, mdalasini, pilipili manga. Kitunguu nikajifunza kukisikiliza. Mafuta yakipunguza kelele, maji ya kitunguu yamekwisha, na kuanzia hapo ni kukodolea macho rangi, hata mtu akiniita siitiki. Wali ukishapaliwa makaa juu, natega alamu ya simu, maana ukianza kushika chini sitajua mpaka nione moshi.

Kilichoninyima usingizi ni gesi. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ule uvundo hutiwa makusudi ili watu washtuke ikivuja. Nikautoa mtungi nje ya jiko. Kila nikimaliza nafunga pale kwenye mtungi, si kwenye jiko tu, na mara kwa mara napaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira nitazame kama linatoa mapovu. Tui la nazi sililazi. Maziwa hunusiwa na binti yangu, ambaye amechoka na kazi hiyo na hafichi.

Watu wananiambia bora pua kuliko macho. Kweli, lakini mtu aliyelala na wasiwasi kama kwapa lake linanuka hahitaji kuambiwa hivyo. Nilikuwa nikioga na kujifukiza udi mpaka wifi akasema, "Wifi, punguza, tunakohoa."

Yule daktari ndiye aliyenipa mazoezi ya kunusa. Alisema yametoka Ujerumani, kwa Thomas Hummel wa Dresden, ambaye mwaka 2009 yeye na wenzake waliandika jinsi walivyowanusisha wagonjwa vitu vinne asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Nilicheka. Karafuu za Pemba, ng'ambo tu ya maji hapa! Nikapanga vichupa: marashi ya waridi, mafuta ya mkaratusi, maganda ya limau, karafuu zilizopondwa. Unanusa kila kimoja sekunde 20 hivi, taratibu, huku ukijilazimisha kukumbuka harufu yake ilivyokuwa. Ule ubaridi wa mkaratusi niliupata mapema, lakini huo ni msisimko, si harufu. Vingine vilikuwa kimya, na ni kazi ya kuchosha kunusa kichupa kisichokujibu. Wiki 12 zilipita nikaendelea.

Harufu ilipoanza kurudi, ilirudi imeharibika. Kahawa ilinuka mpira unaoungua, kitunguu cha kukaanga kilinipa kichefuchefu, na kwa mpishi hicho ni kipindi kibaya kuliko kutosikia kabisa. Nilikaanga nimejifunga mtandio puani. Daktari alifurahi, eti ni dalili kuwa nyuzi zinaota upya na bado hazijapata njia zake. Ilichukua miezi kutulia.

Leo limau nalipata kwa mbali, karafuu vizuri, waridi bado. Daftari sijaliacha, na wifi analipwa kwa kila shughuli anayoonja. Juzi mama mmoja aliagiza pilau ya harusi akasisitiza karafuu isizidi. Nikamwambia mama, hiyo ndiyo niachie mimi. Wasiwasi wako uweke kwenye iliki.