Kabureta ya bei nafuu kwenye pikipiki ya zamani ya Honda CG125: jinsi nilivyozuia petroli kumwagika

Ukifungua koki tu, petroli inatiririka kupitia mpira wa chini wa kabureta mpya ya Kichina. Nilisafisha, nikabadilisha sindano ya boya (ile inayofunga petroli boya linapoelea juu). Wapi!

Dawa ilikuwa kupima upya kimo cha boya. Usiigeuze kabureta juu chini: uzito wa boya hukandamiza springi ndogo iliyo kwenye sindano, na kipimo kinadanganya. Ilaze ubavu, iinamishe taratibu mpaka ulimi wa boya (kibati kidogo kinachosukuma sindano) uguse tu kile kipini cha sindano, ndipo upime. Nikaukunja ulimi kidogo mno ili sindano ifunge mapema. Kisha nikaunga mpira unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia petroli ya bakuli la chini la kabureta, nikausimamisha ubavuni: petroli ndani ya mpira ikatulia chini ya usawa wa gasketi ya bakuli.