Louvre: Alama ya Fundi Chini ya Kasri

Wageni wengi huingia Louvre, jumba la makumbusho jijini Paris, wakiwa na haja moja tu, nayo ni kuuona mchoro wa Mona Lisa. Mimi nilianzia chini kabisa, kwenye handaki la ngome aliyoijenga Mfalme Philippe Auguste mnamo mwaka 1190 hivi, ambako mawe ya ukuta yangali na alama ndogo za waashi, mojawapo ikiwa na umbo la moyo. Niliisogelea nikaitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa aliyeichonga hakuwa mfalme wala mchoraji mashuhuri, bali fundi.

Ngome hiyo ilianza kugeuzwa kasri mwaka 1546 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza, ambaye ndiye pia aliyemkaribisha nchini Ufaransa Leonardo da Vinci, mchoraji wa Mona Lisa. Mfalme Louis wa 14 alihamishia makao yake Versailles mwaka 1682, na tarehe 10 Agosti 1793 milango ya Louvre ilifunguliwa kwa umma kama makumbusho. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo, kwani ulikuwa umetimia mwaka mmoja kamili tangu ufalme uangushwe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Ukumbi wa Apollo, wenye nakshi za dhahabu kila upande, ambao Louis aliuacha haujakamilika. Katikati ya dari mchoraji Delacroix alimchora Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, akimuua joka Python, kazi aliyoimaliza mwaka 1851, wakati jengo lilipokuwa tayari mali ya watazamaji. Nilisimama chini yake mpaka shingo ikaniuma.