Mto wa malkia

Jumapili, usiku

Umeme umekatika tangu magharibi, na mimi nimejilaza na simu nikisoma habari za watawa wa Las Huelgas, kule Burgos, Hispania. Ni siku ya tatu sasa. Hata mwenyewe sijui watawa wa Kikristo wa miaka mia nane iliyopita wananihusu nini.

Nyumba yao ilijengwa mwaka 1187 na mfalme Alfonso wa Nane wa Castilla na mkewe Leonor, na ikawekwa chini ya shirika la Wasitoo, lililoanzia Cîteaux, Ufaransa. Mabinti wa kifalme waliingia utawa humo, wafalme wakazikwa humo. Lakini kilichoninasa ni mama mkuu wao, abesi. Alikuwa na vijiji vyake, akihukumu kesi za watu wake, na padri hakuhubiri katika eneo lake bila hati yenye ruhusa yake. Askofu wa jirani hakuwa na kauli. Mamlaka hayo yalidumu mpaka Papa Pius wa Tisa alipoyafuta mwaka 1873. 1873!

Mwaka 1210 Papa Inosenti wa Tatu alikuwa ameandika barua ya kukemea: ameshtushwa kusikia kwamba maabesi wa majimbo ya Burgos na Palencia wanawabariki watawa wao, wanawaungamisha, wanasoma Injili na kuhubiri hadharani. Barua hiyo nimeirudia mara nne, nacheka peke yangu gizani. Aliyetaka wanyamaze ndiye aliyetuhifadhia habari kwamba walisema.

Na kuimba je? Wasitoo walipenda uimbaji wa sauti moja, usio na madoido. Las Huelgas wana kitabu cha mwanzoni mwa karne ya 14 kimejaa nyimbo za sauti mbili, tatu.

Kisha nikaukuta mto. Makaburi mengi yaliporwa na askari wa Napoleon, ila yalipofunguliwa miaka ya 1940 bado yalikuwa na nguo za ajabu. Chini ya kichwa cha malkia Berenguela, binti wa Alfonso na Leonor, aliyefariki 1246, palikuwa na mto wa hariri nyekundu na nyuzi za dhahabu. Katikati kuna duara, ndani yake watu wawili kama wamo ngomani, na kulizunguka, maandishi ya Kiarabu: la ilaha illa Allah. Malkia Mkristo, ndani ya nyumba ya watawa!

Wataalamu husema vitambaa vya Waislamu wa Andalusia, kusini mwa Hispania, vilipendwa kwa uzuri na thamani yake. Sawa. Lakini mimi nimelelewa na wanawake wasionunua kanga kabla ya kusoma jina lake, na ninavyoona, Berenguela hakukosa mtu wa kumsomea.

Chaji imebaki asilimia nne. Bado naikuza picha, nafuata herufi moja moja kwa kidole, kama chuoni.